Upinde wa kapi kwa anayeanza: kuuchagua, kuufunga na kuupiga

Ukivuta upinde wa kawaida, uzito unapanda kadiri mkono unavyorudi nyuma, na pale unapotaka kutulia ulenge ndipo unapokuelemea kuliko mahali pengine pote. Upinde wa kapi umepindua mpango huo. Uzito unapanda haraka mwanzoni, unakaa kileleni katikati ya safari, kisha kapi zinageuka na mzigo unashuka ghafla. Upinde wa pauni 50 wenye nafuu (sehemu ya mzigo inayoondoka mwishoni) ya asilimia 80 unakubakishia pauni 10 tu ukiwa umevuta hadi mwisho, yaani kama kilo 4 na nusu. Hapo unaweza kusimama sekunde kadhaa ukalenga bila mkono kutetemeka.

Baharia anayetweka tanga la jahazi anaijua kazi ya kapi. Tofauti ni kwamba hizi za upinde hazizunguki kwenye kitovu: ekseli imepita pembeni, na kapi yenyewe ina umbo la yai au la ajabu zaidi. Umbo hilo ndilo linaloamua mzigo uwe mkubwa wapi na mdogo wapi. Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani, alikata ncha za upinde wa kawaida akazifunga kapi. Akaomba hataza mwaka 1966 na kuipata 1969. Kila upinde wa kapi unaouzwa leo umetoka kwenye wazo hilo.

Majina ya sehemu

Tukubaliane majina kwanza. Kipande kigumu cha katikati, cha alumini au kaboni, tutakiita mhimili. Unapokishika ni kishikio. Juu na chini yake kuna mabawa, yale yanayopinda na kuhifadhi nguvu. Kwenye ncha za mabawa kuna kapi. Upote ni ile kamba unayoivuta. Kamba nyingine zinazokatiza kutoka kapi hadi kapi ni kebo, na kuna kijiti au kigurudumu kinachozisukuma pembeni zisiguse mshale.

Juu ya upote kuna kitundu cha kuchungulia, mahali pa jicho lako. Katikati yake kuna kitanzi kidogo cha kamba, mahali pa kufunga kifyatuo. Kifyatuo ni chombo cha mkononi chenye ndoano na kitufe. Upinde wa kapi hauvutwi kwa vidole vitupu, kwa sababu upote wake ni mfupi na pembe yake ni kali, vidole vinaupindisha. Mshale unalala juu ya egemeo. Kilengeo chenye pini kinafungwa mbele ya mhimili. Ile fimbo ndefu inayotokeza mbele ni stabilaiza, ambayo mwezi wa kwanza unaweza kuishi bila yake.

Mshale nao: kijiti chake ni wano, mbele kuna kigumba, nyuma kuna manyoya (siku hizi ya plastiki), na mwisho kabisa kuna noki, kile kipande chenye pengo kinachong'ata upote.

Jicho kabla ya mkono

Upande wa upinde unaamuliwa na jicho linalotawala, hata kama unaandikia mkono mwingine. Nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikiangalia nje, kisha vipishanishe mpaka kibaki kitundu kidogo kati ya vidole gumba. Kwa macho yote mawili wazi, tazama kitu cha mbali kupitia kitundu hicho, mfano kitasa cha mlango. Funga jicho la kushoto. Kitasa kikibaki, jicho lako kuu ni la kulia: nunua upinde wa mkono wa kulia, unaoshikwa kwa kushoto na kuvutwa kwa kulia. Kikitoweka, wewe ni wa kushoto. Rudia mara tatu.

Wachache wana jicho la kushoto na mkono wa kulia wenye nguvu. Kwa anayeanza kabisa tunashauri kufuata jicho. Misuli hujifunza ndani ya wiki chache.

Urefu wa mvuto: hapa usibanie muda

Upinde wa kawaida unaweza kuvutwa na mtu mrefu na mfupi. Wa kapi una ukuta: kapi zikifika mwisho wa mzunguko zinagoma, na hapo ndipo unapopaswa kuwa umefika na wewe. Kwa hiyo upinde unakatwa kwa kipimo chako kama shati kwa fundi cherehani. Makosa mengi tunayoyaona uwanjani, yale watu wanayoyalaumu kwenye mishale au kilengeo, yanaanzia hapa.

Simama umeegemea ukuta, mikono umeitandaza pembeni usawa wa mabega, bila kujinyoosha kupita kiasi. Mtu mwingine apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya cha pili. Gawanya kwa 2.54 upate inchi, kisha gawanya tena kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 172 anapata inchi 67.7, na ukigawanya kwa 2.5 ni 27.1. Aanze na inchi 27.

Hesabu hiyo ni makadirio tu. Mwamuzi ni mwili ukiwa umevuta. Mwombe mtu akupige picha kwa simu kutoka ubavuni, usawa wa bega, kisha angalia mambo haya:

Ncha ya pua inagusa upote kidogo, bila wewe kuinamisha kichwa kuufuata. Mkono ulioshika upinde umenyooka lakini kiwiko hakijakazwa. Kiwiko cha mkono unaovuta kiko kwenye mstari mmoja na mshale, au juu kidogo. Mwili umesimama wima, uzito uko sawa kwenye miguu yote.

Mvuto ukiwa mrefu mno, utaona mgongo umelalia nyuma, bega la mbele limepanda sikioni, na upote unakuchapa kwenye mkono kila mshale wa tatu. Ukiwa mfupi mno, kiwiko cha mbele kinabaki kimekunjwa, kichwa kinasogea mbele kutafuta kitundu, na pini haitulii hata ukijitahidi. Ukisitasita kati ya vipimo viwili, chukua kifupi. Nusu inchi ya ziada inaharibu zaidi kuliko nusu inchi iliyopungua.

Pinde nyingi za wanaoanza zinarekebishika bila kununua kapi mpya: kuna kipande kwenye kapi kinachofungwa kwa skrubu kwenye matundu yenye namba au herufi. Legeza kwa alenki, hamishia kwenye namba yako, kaza. Kama kapi zako ni mbili zinazofanana, namba ya juu na ya chini lazima zilingane. Wakati mwingine kizuizi cha mwisho nacho kinahamishwa. Soma kijitabu cha upinde wenyewe, kwa sababu kila kiwanda kina mpangilio wake.

Kwa kuwa mvuto umefungwa namna hii, upinde wa kapi unaweza kupangwa kwa mwili wowote. Matt Stutzman wa Marekani, asiye na mikono, anaushika kwa mguu na kuuvuta kwa bega. Alishinda dhahabu ya Paralimpiki ya Paris mwaka 2024.

Uzito: punguza, kisha punguza tena

Wanaume vijana wanapotelea hapa. Wanataka pauni 60 siku ya kwanza, wanauinua upinde juu angani ili waweze kuuvuta, na baada ya wiki tatu bega linauma.

Kipimo chetu: kaa kwenye kiti, miguu ikiwa sakafuni, elekeza mshale kwenye shabaha iliyo usawa wa kifua na uvute moja kwa moja bila kuupandisha upinde. Ukiweza hivyo, ukakaa sekunde 15, ukarudisha polepole, na ukarudia mara tano bila kusaga meno, uzito huo unakufaa. Kwa mtu mzima wa kawaida asiyewahi kupiga, pauni 30 hadi 40 kwa wanawake na 40 hadi 45 kwa wanaume ni mwanzo mzuri. Watoto waanze 10 hadi 20. Kwa shule, upinde wa Genesis unafaa kwa sababu hauna nafuu wala ukuta: mtoto wa darasa la nne na mwalimu wake wanaweza kuutumia huohuo bila kurekebisha chochote.

Kuongeza au kupunguza kunafanywa kwa boliti za mabawa, moja juu, moja chini. Kama kuna skrubu ndogo ya kufungia pembeni, ilegeze kwanza. Kisha zungusha boliti ya juu nusu mzunguko, ya chini nusu mzunguko, na kuendelea kwa zamu. Mzunguko mmoja kwa kawaida ni pauni 2 hadi 3. Hesabu kwa sauti, maana ukipoteza hesabu mabawa hayavutani sawa na mshale utatoka umepinda. Usizidishe mizunguko iliyoandikwa kwenye kijitabu. Boliti ikichomoka, upinde mzima unafumuka mikononi.

Ongeza pauni 2 tu kila baada ya mwezi kama unapiga mara tatu kwa wiki. Mashindano ya kimataifa ya shabaha hayaruhusu zaidi ya pauni 60, kwa hiyo hakuna cha kukimbilia.

Unaponunua

Tangazo litakwambia upinde unarusha futi 340 kwa sekunde. Namba hizo hupimwa kwa pauni 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greini 350 (greini moja ni kama gramu 0.065). Wewe mwenye inchi 27 na pauni 45 hutaiona kasi hiyo, na wala huihitaji.

Tazama vitu viwili. Cha kwanza ni urefu kati ya ekseli na ekseli. Pinde za mawindo ni fupi, inchi 28 hadi 33, zipite vichakani. Za shabaha ni inchi 36 hadi 40, nzito na tulivu. Anayeanza akipata inchi 33 hadi 36 amepata kitu cha kati. Cha pili ni kimo cha upote, umbali kati ya koo la kishikio na upote uliotulia. Inchi 7 zinasamehe makosa. Inchi 6 zinaongeza kasi, lakini mshale unakaa kwenye upote kwa muda mrefu zaidi, na kila mtikisiko wa mkono unaingia ndani yake.

Ukinunua wa mtumba, nenda na kipande cha pamba. Kipitishe kwenye kingo zote za mabawa, taratibu. Kikinasa nyuzi, kuna ufa, acha. Tazama kapi kwa ubavu: zisiwe zimepinda wala kuwa na meno kwenye mfereji wa upote, ishara kwamba mtu aliwahi kufyatua bila mshale. Upote wenye manyoyamanyoya si tatizo kubwa, unabadilishwa, ila ingiza gharama hiyo kwenye bei. Na hakikisha kipimo chako cha mvuto kipo kwenye kapi hizo. Upinde wa bei chee wa inchi 30 kwa mtu wa inchi 27 ni pambo la ukutani.

Mishale

Wano la kaboni ndilo linalotumika zaidi. Mti haufai kabisa kwenye upinde wa kapi: nguvu inakuja kwa kishindo na unaweza kupasukia mkononi.

Uzito wa mshale mzima usiwe chini ya greini 5 kwa kila pauni ya upinde. Upinde wa pauni 45 unataka angalau greini 225, lakini hiyo ni mipaka ya hatari. Piga greini 320 hadi 380, kama gramu 21 hadi 25. Mshale mwepesi mno haubebi nguvu yote, inayobaki inarudi kwenye mabawa na kapi.

Ugumu wa wano unaandikwa kwa namba: 600, 500, 400, 340. Wano linawekwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, linaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, na kipimo ni jinsi linavyobonyea. Likibonyea nusu inchi, ni 500. Kwa hiyo namba kubwa ni wano laini. Kwa pauni 40 hadi 45 na wano la inchi 28, aghalabu utaishia kwenye 500. Pauni 60 zitakupeleka kwenye 400. Jedwali la kiwanda cha mishale ndilo la mwisho. Wano laini mno kwa upinde wako ni hatari, gumu kidogo si neno.

Urefu: vuta upinde, mtu aweke alama mahali wano linapopita egemeo, kisha ongeza inchi moja mbele. Mshale mfupi unaweza kuanguka nyuma ya egemeo ukaelekea kwenye mkono wako.

Kabla ya kila duru, shika mshale ncha zote mbili, ukunje kidogo, uzungushe, ukunje tena, huku ukisikiliza. Mlio wa kukatika, ufa unaoonekana, au noki iliyolegea: vunja wano hilo vipande viwili ulitupe, asije mwingine akaliokota. Kaboni ikipasuka wakati wa kufyatua, vibanzi vinaingia kwenye kiganja kama miiba.

Kufunga vifaa

Utahitaji seti ya alenki za inchi (pinde za Marekani hazikubali za milimita), pima maji mbili ndogo, koleo, kiberiti, na jiliwa lenye vipande vya mpira. Kama mji wako hauna fundi mwenye presi ya upinde (mashine inayokunja mabawa ili upote ulegee), agiza upinde ambao tayari umefungwa kitundu, kwa sababu kitundu kinapenya katikati ya nyuzi za upote na bila presi hakiingii.

Shika upinde kwenye jiliwa, weka pima maji moja kwenye upote mpaka usimame wima kama timazi. Funga egemeo kwenye tundu lake la mhimili, bila kukaza mno. Weka mshale. Uuone ukikatiza katikati ya tundu la boliti ya egemeo ukiutazama kwa ubavu, na pima maji ya pili juu ya wano ionyeshe usawa. Noki ikipanda milimita moja juu ya usawa, iache hivyo. Ikishuka chini, rekebisha.

Kwa upande wa kulia na kushoto, anza na milimita 20 kati ya mhimili na katikati ya wano. Mahali hapo panafaa pinde nyingi, utapasogeza baadaye kwa milimita nusu tu.

Sasa kitanzi. Kata kamba yake maalumu, sentimita 11 na nusu. Chambua ncha zote ziwe kama ua, ziunguze kwa kiberiti mpaka zivimbe kama vichwa vya njiti. Vichwa hivyo ndivyo vinavyozuia fundo kuchomoka. Funga ncha moja juu ya noki na nyingine chini yake, mafundo yakielekea pande tofauti: moja kushoto, moja kulia. Ingiza koleo ndani ya kitanzi uyapanue masikio yake kwa nguvu mpaka mafundo yakaze. Kitanzi kilichokazwa kwa vidole tu kitateleza siku ya pili, au kitachomoka umevuta na ngumi itatua kwenye meno yako. Tunaomba uamini hilo bila kulijaribu.

Usifyatue patupu

Mshale ndio unaoitoa nguvu nje ya upinde. Ukiachia upote bila mshale, nguvu yote inabaki ndani: kebo zinaruka nje ya mifereji, kapi zinapinda, bawa linapasuka. Si lazima uone uharibifu kwa macho. Ikitokea, usivute tena hata kidogo. Kagua mabawa kwa pamba, kagua kapi na ekseli, na kama una mashaka yoyote mpelekee fundi.

Mara nyingi anayefyatua patupu ni mgeni, jirani au shemeji aliyesema "hebu nishike kidogo". Sababu nyingine ni noki isiyong'ata upote: mshale unaanguka, upote unaondoka peke yake. Bonyeza mpaka usikie "tik".

Kupiga, hatua kwa hatua

Weka shabaha karibu, mita 5, na iwe kubwa. Gunia lililojazwa nguo kuukuu na kushindiliwa vizuri linatosha pauni 45. Nyuma yake kuwe na tuta la udongo. Ukuta wa matofali unarudisha mshale. Mshale uliokosa unaweza kwenda zaidi ya mita 200, kwa hiyo uwanja wa nyuma ya nyumba wenye ua wa michongoma haufai.

1. Simama ubavu kwa shabaha, miguu upana wa mabega, mguu wa nyuma sambamba na mstari. Ule wa mbele unaweza kufunguka kidogo.

2. Weka mshale, sikia mlio wa noki, funga kifyatuo kwenye kitanzi. Kidole kikae nyuma ya kitufe, kisikiguse.

3. Panga mkono wa mbele kabla ya kuvuta. Kishikio kikae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, ndani ya mstari mkuu wa kiganja. Vifundo vya vidole vilale kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Vidole visikamate, viguse tu. Ukiogopa upinde kuanguka, vaa mkanda wa kiganja. Kukamata ndiko kunakotupa mishale kushoto na kulia bila mpangilio.

4. Inua upinde usawa wa bega, vuta moja kwa moja nyuma kwa msuli wa mgongo. Utapita mlima, kisha utasikia mzigo ukiyeyuka. Endelea mpaka ukutani na ubaki unaegemea ukuta huo. Ukilegea hata sentimita mbili, kapi zitakunyakua mbele.

5. Tia nanga. Mfupa wa taya ukae kati ya kifundo cha kidole cha shahada na cha kati, pua iguse upote. Mahali ni palepale kila mshale. Nanga ikihama milimita 5, mshale utahama sentimita nyingi huko mbele.

6. Chungulia. Duara la kitundu na duara la kilengeo viwe kimoja ndani ya kingine, pini katikati. Tazama kiputo cha pima maji ya kilengeo kiwe katikati. Kisha sahau pini, tazama shabaha. Pini itaelea, na iache ielee.

7. Sasa ndipo kidole kinakwenda kwenye kitufe. Kizungushie kwa pingili ya kwanza, halafu endelea kuvuta bapa la bega kuelekea uti wa mgongo mpaka kifyatuo kijiachie. Kinatakiwa kikushtue kidogo.

8. Baki hivyohivyo mpaka usikie mshale umegota.

Ukishindwa kutulia ndani ya sekunde 8, rudisha. Kidole nyuma ya kitufe, upinde bado umeelekea shabaha, jiandae kwa mvuto wa ghafla kapi zinapogeuka, kisha achia polepole. Jizoeze kurudisha tangu siku ya kwanza. Wengi hawajui, na matokeo yake wanaachia mishale ambayo wanajua ni mibaya.

Kuna ugonjwa mmoja wa kuukwepa mapema: pini ikigusa dhahabu (duara la njano la katikati ya shabaha) tu, kidole kinabofya chenyewe. Ukishaingia, kutoka ni miezi. Dawa ni kupiga mita 3 bila kilengeo, macho yamefumbwa, mishale 20 kila siku kwa wiki mbili, ukihisi mgongo pekee. Mtu awe kando kuhakikisha umeelekea gunia.

Kurekebisha kilengeo

Piga mishale mitatu. Mmoja hausemi kitu. Ikikusanyika mahali pamoja, fuata mishale: imekwenda chini, shusha kilengeo, imekwenda kushoto, peleka kilengeo kushoto. Wengi hufanya kinyume na kutwa nzima inaishia hapo. Ukimaliza mita 5, rudi 10, kisha 18, ambayo ndiyo umbali wa mashindano ya ndani kwa karatasi ya shabaha yenye upana wa sentimita 40. Kwa pinde za kapi, mashindano ya nje ni mita 50, mishale 72, karatasi ya sentimita 80. Los Angeles 2028 itakuwa mara ya kwanza kwa upinde wa kapi kuingia Olimpiki, kwa timu mchanganyiko (mwanamume na mwanamke).

Mishale isipokusanyika kabisa, usiguse kilengeo. Tatizo ni mkono, nanga au mshale uliopinda. Andika namba kwenye mishale. Kama ni namba 4 tu inayotoroka kila mara, wala si kosa lako. Zungusha noki yake robo mzunguko au iweke kando.

Ukishaweza kukusanya mita 18, fanya jaribio la gazeti uone kama mshale unatoka umenyooka. Tandaza gazeti kwenye fremu mita moja na nusu mbele ya gunia, piga ukiwa mita 2 kutoka gazetini. Tundu moja safi lenye michirizi mitatu ya manyoya ni zuri. Mkia ukichana juu ya tundu la ncha, pandisha egemeo milimita moja. Ukichana chini, lishushe. Ukichana pembeni, angalia kwanza kama hukukamata kishikio, kwa sababu mara nyingi ni hicho. Kisha sogeza egemeo nusu milimita na upige tena. Mpasuko ukikua, rudi upande wa pili.

Uwanjani na nyumbani

Filimbi za mashindano: mbili ni kwenda mstarini, moja ni kuanza, tatu ni kwenda kuchukua mishale, tano au zaidi ni hatari, shusha upinde papo hapo. Hata mkiwa wawili tu, mtu yeyote asivuke mstari mwenzake akiwa na mshale kwenye upote. Unapong'oa mshale, weka kiganja kimoja kwenye gunia, mwingine ushike wano karibu na gunia, na hakikisha hakuna mtu nyuma yako. Noki ikiingia jichoni haina huruma.

Kumbuka sheria pia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania uwindaji unataka leseni, kwa hiyo upinde huu ni wa shabaha. Ulizia taratibu za forodha kabla ya kuagiza.

Upote pakwa nta kila mishale 300 hivi, ukiisugua kwa vidole mpaka ipate joto na kuingia kwenye nyuzi. Sehemu zilizosukwa uzi wa kuzungushia usizipake. Badilisha upote na kebo kila miaka 2 au 3, mapema zaidi uzi ukikatika. Ukiishi pwani, futa ekseli na skrubu kwa kitambaa chenye tone la mafuta kila wiki, chumvi haisubiri. Kubwa kuliko yote: usiuache ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi ya mabawa inalegea, upote unarefuka, na jioni kitundu kitakuwa kimegeukia pembeni. Ukikikuta hivyo, usijaribu kukizungusha kwa kidole huku umevuta. Rudisha upinde kwanza, uhesabu nafasi ya kapi zote mbili kwa alama zilizochorwa juu yake, na kama hazilingani, siku hiyo hupigi.